Kwa Mwoga Huenda Kicheko



Wako watu wasemao ya kuwa sinema ni kitu cha kupitisha wakati tu, na ya kuwa taa ikiisha kuzimwa, yote tuliyoyaona huzimika pamoja nayo. Mimi pia zamani nilifikiri hivyo. Lakini leo nataka kuwasimulia habari ya sinema moja iliyotukalisha nyumbani mwangu tukibishana hata usiku wa manane, na iliyonikumbusha deni ambalo kwa miaka 42 sikutaka kulihesabu. Deni hilo si la fedha.

Sinema yenyewe huitwa kwa Kifaransa Le Salaire de la peur, maana yake Mshahara wa Hofu. Aliyeitengeneza ni Mfaransa Henri-Georges Clouzot, naye aliitoa katika kitabu cha Georges Arnaud kilichochapwa mwaka 1950. Watu waliiona kwa mara ya kwanza mwaka 1953, na mwaka ule ule ilipata tuzo kubwa ya Cannes, Ufaransa, na tena Dubu wa Dhahabu wa Berlin, Ujerumani. Hadithi yake ni ya Amerika ya Kusini, lakini picha zilipigwa kusini mwa Ufaransa.

Nanyi msioiona, nitawaeleza kwa ufupi. Katika kijiji kimoja cha joto na mavumbi, jina lake Las Piedras, wamekwama watu waliotoka nchi mbalimbali. Kazi hawana, nauli ya kurudi kwao hawana. Wenye mali mahali pale ni kampuni ya mafuta ya Wamarekani. Siku moja kisima cha mafuta kilicho mbali, mwendo wa kilometa 500 hivi, chashika moto. Moto wa namna hiyo hauzimwi kwa ndoo za maji. Njia mojawapo ni kulipua kitu chenye nguvu karibu na mdomo wa kisima, ili pigo la hewa liutenge moto na mafuta, kama mtu apulizavyo mshumaa. Basi kampuni yatafuta madereva wanne wa kupeleka nitrogliserini kwa malori mawili ya kawaida, katika barabara mbovu. Kila dereva atakayefika atapewa dola 2,000.

Nitrogliserini ni maji mazito kama mafuta. Mtaalamu Mwitaliano, Ascanio Sobrero, aliivumbua mwaka 1847, naye mwenyewe aliiogopa. Emil, mdogo wake Alfred Nobel, alikufa mwaka 1864 ilipolipuka karakana yao huko Stockholm. Baadaye Alfred alipata akili ya kuichanganya na udongo, ikawa dinamiti, ambayo watu waweza kuichukua bila hatari kubwa. Lakini ile isiyochanganywa, pigo dogo tu latosha. Katika sinema mkubwa wa kampuni adondosha tone moja tu sakafuni mbele ya madereva, nalo lapasuka kama risasi. Tangu hapo mtazamaji hana haja ya kuambiwa lolote. Kila jiwe la barabarani lamtosha kuogopa.

Mimi niliiona mara ya kwanza mwaka 1976, nchi yetu ilipokuwa ikiitwa Zaïre. Nilikuwa mwanafunzi wa miaka 15. Mwalimu mmoja alituonyesha usiku, picha zikiangukia ukutani, nasi wanafunzi tulikaa chini tukishikana mikono. Katika wale madereva wanne, mmoja aitwa Jo. Huyu ni Mfaransa mzee aliyeogopwa na watu wote pale kijijini, lakini mara tu lori lianzapo kwenda, atetemeka, atoka jasho, ajifanya mgonjwa, na mwisho akimbia na kumwacha mwenzake Mario katika hatari. Sisi vijana tulimchukia Jo kuliko mtu yeyote. Wiki nzima, mwenzetu akishindwa kuruka mfereji au kushika nyoka, tulimwita Jo.

Sasa nitawaambia neno la aibu. Wakati ule baba yetu alikuwa amekwisha kufariki, na aliyenilipia karo ya shule alikuwa kaka yangu mkubwa, dereva wa lori la mfanyabiashara mmoja. Miezi michache baada ya sinema ile, kaka alitumwa na mapipa ya petroli katika njia ya kwenda Kamituga. Ilikuwa majira ya mvua. Alipofika kwenye daraja moja la magogo, alisimamisha lori, akakataa kupita. Tajiri wake akaletewa habari, akaja kwa hasira, akamfukuza kazi palepale, akampandisha dereva mwingine. Yule mwingine akapita, lori likafika salama na mapipa yake yote. Kaka akarudi nyumbani kwa miguu, viatu vyake mkononi.

Kwa hiyo karo haikulipwa, nami nikakaa nyumbani mwaka mzima, nikiwatazama wenzangu wakipita asubuhi na madaftari yao. Siku moja uchungu ulinizidi. Uani, mbele ya majirani, nikamnyoshea kaka kidole nikasema, “Mtazameni Jo!” Vijana wa shule wakacheka, kwa maana wao walijua. Kaka hakujua. Alidhani ni jina la Kizungu kama majina mengine, naye alikuwa mtu wa ucheshi, akalipokea. Jina likamganda. Miaka michache baadaye alinunua baisikeli ya mkono wa pili, akaandika kwa rangi nyeupe kwenye kikinga-tope chake herufi mbili: JO. Mimi niliona, nikanyamaza. Kisha nikarudi shuleni, nikawa mwalimu, nikaoa, nikazaa, na neno lile nikalisahau. Au labda niseme nililiweka mahali ambapo sikupita.

Dominika moja ya mwaka 2018, hapa Bukavu, jirani yangu afundishaye Kifaransa alikuja na kompyuta yake na chombo cha kuangazia picha. Mama watoto akatundika shuka nyeupe ukutani. Tulikuwa watu wanane: mimi na mama watoto, mwalimu yule, mama mmoja jirani, wanafunzi wawili wa sekondari, mpwa wangu ambaye ni dereva, na kaka yangu, aliyekuwa na miaka 72. Mwalimu aliposema jina la sinema, nilifurahi kama mtoto. Nikasema, “Hiyo niliiona zamani! Ni sinema kubwa!” Sikukumbuka lolote jingine. Nikaanza kuwatafsiria wale wasiosikia Kifaransa vizuri.

Ndege ikatua katika ile picha, akashuka mtu mwenye suti nyeupe na kofia, akitembea kama mwenye nchi. Akamwita Mario, wakaambiana majina. Kaka akapiga goti lake kwa mkono, akasema, “Aa! Huyu ana jina langu!” Watu wote wakacheka. Wasomaji, moyo wangu ulishuka hata tumboni. Wengine walikuwa wakingoja nitrogliserini. Mimi nilijua kwamba mzigo wangu umekwisha kupakiwa, na kwamba sinema ile yaenda saa mbili na nusu.

Kwa muda wa saa moja kaka alikuwa na furaha. Jo alimtisha Luigi mbele ya watu wote kilabuni, akampa bastola, na Luigi asithubutu kupiga. Kaka akasema, “Mwanamume!” Kisha malori yakaondoka. Jo akaanza kutoka jasho. Kaka akanyamaza. Kuanzia hapo nilitafsiri maneno yote ila yale yaliyomhusu Jo. Lakini hofu haihitaji mkalimani.

Ilipokwisha, mama watoto akaleta chai, na mabishano yakaanza. Nitayaandika kama yalivyokuwa, kwa maana naona kila mtu aliiona sinema yake.

Wanafunzi wawili walikuwa wa kwanza. Mmoja akasema, “Ni nzuri, lakini saa nzima ya mwanzo hakuna kitu. Watu wamekaa tu, wavuta sigara, wagombana. Mimi ningekata sehemu ile yote.” Mwenzake akakubali. Mwalimu akakataa kwa nguvu: “Ukiikata, malori yatakuwa malori tu. Ni lazima umwone kwanza mtu asiye na nauli, asiye na kazi, ashindaye kutwa kivulini akimtazama mbwa. Hapo ndipo utaelewa kwa nini ataka kuendesha kifo. Kama ningekuonyesha barabara bila njaa, ungesema watu hawa ni wazimu.” Kisha akaongeza ya kuwa ilipoonyeshwa Marekani mwaka 1955, wenye sinema wa kule walikata sehemu kadhaa, hasa zile zilizoisema vibaya kampuni ya mafuta. “Mwaona?” akasema. “Wao pia walitaka barabara bila njaa.”

Mpwa wangu hakujali mambo ya kampuni. Yeye alisifu barabara. Mnakumbuka ile sehemu ya njia yenye mawimbi kama bati la nyumba? Madereva wa huku kwetu waijua sana. Ukienda polepole kabisa, gari hupanda na kushuka taratibu. Ukienda kasi sana, magurudumu hugusa vilele tu, na gari hutulia. Lakini mwendo wa katikati hutikisa kila msumari. “Aliyetengeneza picha hii,” mpwa akasema, “ama aliwahi kuendesha, ama aliwasikiliza madereva. Lori moja laenda polepole, na jingine laja nyuma yake mbio, na hakuna awezaye kubadili mwendo. Hapo mimi nilikanyaga breki, na sina breki, nimekaa kwenye kiti cha mjomba!”

Mama jirani akasema yeye alipenda ile sehemu ya sigara. Jo akaa karibu na Mario ndani ya lori, asokota tumbaku katika karatasi. Mara tumbaku yaruka, karatasi yabaki tupu mkononi, halafu mwanga wamulika. Ni lori la wenzao, Luigi na Bimba, lililopasuka huko mbele. Hatukuliona likipasuka, tuliona tumbaku tu. “Hivyo ndivyo habari ya msiba ifikavyo,” akasema. “Mwanzo ni kitu kidogo. Mtu apita mlangoni bila kukusalimu.”

Mama watoto alikuwa amekasirika. “Nanyi nyote mwasema habari za Mario kuwa shujaa! Mimi nilimwona tangu mwanzo. Linda apiga deki sakafu, amjia kwa magoti, naye ampapasa kichwa kama mbwa. Linda ashika lori na kumsihi asiende, naye amsukuma chini mavumbini. Katika kijiji kile, aliyemtakia heri ni yule mmoja, na yeye hakumhesabu. Mtu huyo hata angerudi na dola milioni, angerudi kwa nani?”

Kwa neno hilo tukaingia katika mwisho wa sinema, na hapo kelele zikawa nyingi. Mario afika peke yake kisimani, apewa fungu lake na fungu la Jo aliyekufa njiani. Wakati wa kurudi lori ni tupu. Redio yapiga muziki wa dansi wa Strauss, naye kwa furaha aliyumbisha lori huku na huku kama achezaye, hata laanguka korongoni. Mkononi amebaki na tikiti ya treni ya Paris aliyoitunza kama kumbukumbu ya kwao. Mwanafunzi wa kwanza akasema mwisho huo ni uonevu: mtu ameokoka katika hatari zote, halafu afa bure. Wa pili akasema ni haki yake, kwa maana alimkanyaga Jo mguu kwa lori ili asikwame katika ziwa la mafuta. Mwalimu akasema si haki wala uonevu: hofu ndiyo iliyokuwa ikimwendesha vizuri, na alipoiacha kisimani pamoja na mzigo, hakubaki na kitu cha kushika usukani. Neno hili lilinipendeza, na hata leo naliona kuwa ndilo lililo karibu na kweli. Mwalimu alitueleza pia ya kuwa Mmarekani William Friedkin aliirudia hadithi hii mwaka 1977 kwa jina Sorcerer, akaweka mwisho mwingine. Sinema yake haikupata watazamaji wakati ule, lakini baadaye wengi waliisifu.

Basi ikabaki habari ya Jo. Juu ya Jo hakukuwa na ubishi. Wanafunzi walimcheka wakimwiga jinsi alivyotetemeka. Mpwa akasema hawezi kupanda lori na mtu wa namna ile hata kwa mwendo wa kwenda sokoni. Mwalimu akasema ya kuwa husimuliwa mchezaji mashuhuri Jean Gabin aliikataa nafasi ya Jo, kwa kuwa hakutaka watu wamwone akiwa mwoga. Akaikubali Charles Vanel, mtu wa miaka 60 hivi, naye akasifiwa Cannes kwa kazi ile. “Waona,” mwalimu akacheka, “hata kwa mchezo tu watu wakimbia kuwa Jo.”

Mimi nilikuwa nikikoroga chai iliyokuwa imekwisha kupoa.

Ndipo kaka akasema, kwa sauti ya kawaida, “Daraja lile lilishika.”

Wanafunzi hawakuelewa ni daraja gani. Alikuwa akitazama shuka.

“Miaka yote hii najua kwamba lilishika. Yule aliyepita alinicheka, tajiri alinicheka. Lakini siku ile sikuwa na kitabu cha kunisomea mambo ya kesho. Nilishuka, nikaingia mtoni, maji yakanifika kifuani, nikapapasa magogo moja moja. Mawili yalikuwa yameoza. Kidole kiliingia kama katika ndizi mbivu. Juu ya mapipa alikaa kijana wetu wa kupakia. Alikuwa na miaka 15, kama wewe wakati ule, mdogo wangu. Nikafikiri: nikipita, tajiri atapata petroli yake, nami mshahara wangu ni ule ule. Nisipopita salama, nitamwambia nini mama wa kijana huyu? Basi nikazima mota. Huyu Jo wenu alikimbia akamwacha mwenzake, hilo silisifu. Mimi sikukimbia. Nilikaa palepale hata tajiri akaja. Lakini hofu yake naijua. Mwacheka kwa kuwa hamkupapasa magogo.”

Kisha akanigeukia, akasema pole pole, “Basi hivyo ndivyo nilivyopata jina.”

Hakuna aliyelielewa neno lile ila mimi na yeye. Nimekuwa mwalimu miaka mingi, nimesahihisha maneno ya watoto wengi. Usiku ule sikupata langu hata moja.

Mpwa wangu ndiye aliyevunja kimya, naye akatuonyesha kwamba hakuwa amekuja kwa ajili ya sinema. “Wajomba zangu,” akasema, “keshokutwa natakiwa kumjibu mtu. Ataka nimwendeshee lori la tangi la petroli, kupanda kutoka Uvira hata Bukavu. Mshahara ni mara tatu ya huu nipatao sasa. Nilitaka kuwauliza tangu mchana.”

Mama watoto akaweka kikombe chini. Wenyeji wa Kivu ya Kusini hawana haja ya kuelezwa njia ile, yenye magenge ya Ngomo na tambarare ya Ruzizi. Na katika tambarare ile uko mji mdogo wa Sange. Tarehe 2 Julai 2010, lori la mafuta lilipinduka pale. Watu wakaja na ndoo na madumu kuyachota, wengine walikuwa wamejaa katika vibanda wakitazama mpira wa Kombe la Dunia, na moto ukawaka. Walikufa zaidi ya watu 230, wakiwamo wanawake na watoto. Katika sinema dereva abeba kifo chake na cha mwenzake. Katika barabara zetu hubeba na cha kijiji kizima.

Mpwa akauliza, “Basi, mjomba mkubwa, nikatae?”

“Sikusema hivyo,” kaka akajibu. “Mimi nilikataa, na mdogo wangu akakosa shule mwaka mzima. ‘Hapana’ ina bei yake, na ‘ndiyo’ ina bei yake. Lakini kabla ya kupanda, muulize huyo tajiri neno moja: siku nitakapoona njia ni mbaya, ni nani atakayesema lori lisimame, mimi au wewe? Akisema ni yeye, naye amelala nyumbani kwake, basi usipande. Akisema ni wewe, akuandikie.”

Tukaachana usiku sana. Nilikaa siku mbili bila raha. Siku ya tatu, asubuhi mapema, nilimwendea kaka. Nilimkuta uani akitengeneza mnyororo wa baisikeli. Haikuwa ile ya kwanza, lakini kila baisikeli aliyoipata aliiandika vilevile. Nikasimama kama mtoto aliyeitwa na mwalimu mkuu, nikasema, “Kaka, jina lile nilikupa mimi. Nilikuwa nimeona sinema, na nilitaka watu wakucheke. Nisamehe.”

Hakuinua kichwa. “Najua ni wewe,” akasema. “Uliniita mbele ya majirani, mimi nilikuwapo! Ila sikujua maana yake. Nilidhani ni mtu mkubwa. Na kweli, mwanzo ni mkubwa, ana suti nyeupe.” Akacheka kidogo. Kisha akanyosha mkono akasema, “Nipe spana ile.”

Nikampa. Tukafunga mnyororo pamoja. Nikamwambia ya kuwa nitanunua rangi, niyafute maandishi. Akakataa. “Yaache. Ninyi mlibishana usiku kucha, na hamkuona neno moja. Lile shimo lililojaa mafuta, ni nani aliyeingia ndani yake kwa miguu mbele ya lori, mafuta yakampanda mwilini, ili mwenzake apate kupita? Si Jo? Mtu aliyetetemeka tangu asubuhi, ndiye aliyeingia. Shujaa alikuwa amekaa juu, ameshika usukani.”

Ni kweli. Nimeitazama tena sinema ile mara mbili tangu siku ile, na ni kweli kabisa. Nilikuwa nimeiona nikiwa na miaka 15 na nikiwa na miaka 57, na wanafunzi wangu wengi wamepita mikononi mwangu kwa kusoma vitabu na kueleza tabia za watu. Lakini jambo hilo alinionyesha mtu aliyeacha shule katika darasa la nne.

Mtauliza habari za mpwa wangu. Alimuuliza tajiri lile swali. Tajiri alicheka, lakini alikubali kwa mdomo, kuandika hakutaka. Mpwa akaichukua kazi, kwa maana ana watoto watatu. Sikumlaumu wala sikumsifu. Mara moja, mvua kubwa ikinyesha, alilala siku mbili chini ya Ngomo bila kupanda, na sehemu ya mshahara wake ikakatwa. Siku hiyo alimpigia simu mjomba wake mkubwa, siyo mimi. Baada ya miaka miwili aliiacha kazi ile, akarudi kwenye lori la saruji.

Wahenga walisema: kwa mwoga huenda kicheko, kwa shujaa huenda kilio. Katika sinema ya Clouzot mithali hii yaonekana kuwa ya uongo, kwa kuwa kilio kilikwenda kwa wote wanne. Nyumbani kwetu ilikuwa ya kweli kwa namna nyingine: kicheko kilikwenda kwa kaka, na aliyekipeleka ni mimi, niliyekula jasho lake.

Basi, ninyi wanafunzi msomao gazeti hili, mkiitazama sinema hii, bishaneni. Ni vizuri. Semeni saa ya kwanza ni ndefu, au semeni ndiyo iliyo bora. Mwacheni Mario afe kwa haki au kwa uonevu, kama muonavyo. Lakini mkitoka nje, msimpe mtu jina kwa haraka. Na ninyi wazazi wenye kaka au mjomba aliyewahi kusema ‘hapana’ mahali ambapo wengine walipita, mwulizeni aliona nini chini ya daraja, naye angali hai wa kujibu. Mimi nilichelewa miaka 42, na nilibahatika kumkuta bado ameketi uani na baisikeli yake.